Binti wa jirani anafikia bat mitzvah: ni huduma gani kwa jamii inayomfaa hapa Mombasa?

Mwalimu_wa_Nyali aliandika:

Wanajukwaa, natumai nyote hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na nimekabidhiwa kazi ambayo sijawahi kukabidhiwa tangu nianze ualimu. Jirani zetu ni familia ya Kiyahudi iliyohamia Nyali kikazi, na binti yao, ambaye hushinda na wanangu na huniita Bi Mwalimu kama wanafunzi wangu waniitavyo, anakaribia kutimiza miaka 12. Mama yake amenieleza kwamba siku hiyo atakuwa bat mitzvah, yaani ataingia umri wa kuwajibika mwenyewe kwa amri za dini yao, na kwamba, licha ya masomo na hotuba anayoiandaa, nyumbani kwao wamezoea kumtaka mtoto achague kazi ya kuitumikia jamii na aifanye kwa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kwa kuwa mji huu bado hawaujui vizuri, wameniomba nimwongoze binti katika kuchagua.

Hotuba yake itahusu sehemu ya Torati iitwayo Kedoshim, inayoanzia sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Humo mna amri inayomkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembe za shamba lake au kurudi kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni haki ya maskini na mgeni. Binti ameishika amri hiyo kwa mikono miwili. Amepanga kwenda soko la Kongowea nyakati za jioni, awaombe wauzaji mboga na matunda yaliyosalia, kisha ayapeleke kwenye makao ya watoto. Mimi niliposikia nilifurahi. Mume wangu, ambaye mamake aliuza mboga miaka mingi, aliguna tu na hakutaka kueleza zaidi.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Je, huduma hii ni sharti la dini yao au ni desturi tu, ili nijue uzito wa nilichoombwa? Je, mpango wa Kongowea unafaa? Na tatu, ibada wataifanya Nairobi, lakini Jumapili itakayofuata wamewaalika majirani kwa chakula cha mchana hapa nyumbani. Wengi wetu ni Waislamu, wengine Wakristo, na hakuna aliyewahi kuhudhuria shughuli kama hii. Twende vipi, na tuchukue nini mkononi, tusije tukawakwaza wenyeji wetu?

Mzawa_wa_Nairobi alijibu:

Mwalimu, salaam. Mimi ni Myahudi niliyezaliwa na kulelewa Nairobi, kwa hiyo swali lako la kwanza nitalijibu kwa urefu kidogo, na la tatu nitalirudia baadaye wengine wakishasema yao.

Sheria yetu haimtaki binti afanye sherehe yoyote. Akishatimiza miaka 12 na siku moja kwa kalenda ya Kiebrania, amri zinamfunga papo hapo, hata kama amelala usingizi na hapana aliyempikia hata chai. Mvulana hungoja hadi miaka 13. Jambo hili ni la kale: Mishna, yaani mkusanyo wa sheria zetu za mdomo uliofanywa yapata mwaka 200, tayari inasema kwamba nadhiri ya msichana wa umri huo imesimama na itamdai. Tangu siku hiyo kufunga Yom Kippur, siku yetu ya toba, takriban saa 25 bila chakula wala maji, kuko juu yake mwenyewe, na akikosa hakosi kwa niaba ya wazazi wake. Kwa mvulana, baba hutamka hata maneno ya kumshukuru Mungu kwa kumtua mzigo wa makosa ya mwanawe. Siku hizi wako wazazi wanaoyatamka kwa binti pia. Majirani zako Waislamu, waliolelewa na habari za kubaleghe na za mtoto kuanza kudaiwa sala na saumu zake, wataelewa hili upesi kuliko watu wengi.

Nakushauri pia umwulize mama yake tarehe kwa uangalifu. Miezi yetu huandama kama ya Kiislamu, ila mwezi wa 13 huongezwa mara 7 katika kila miaka 19 ili Pasaka isihame kutoka majira yake; matokeo yake ni kwamba siku ya kuzaliwa kwa Kiebrania na ile ya cheti cha kuzaliwa zinaweza kupishana kwa majuma kadhaa. Na siku huanza magharibi, wala si saa sita za usiku.

Sherehe za wasichana, ukizilinganisha na za wavulana, ni changa. Katika karne ya 19 Rabi Yosef Hayyim wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1909, aliandika kwamba siku hiyo inafaa msichana avae nguo mpya na atamke dua ya shukrani kwa kufikishwa wakati huo. Mambo yalikuwa ya nyumbani, ya kadiri. Kilichobadilisha desturi ni tukio la New York tarehe 18 Machi 1922. Mordecai Kaplan, rabi aliyekuwa na mabinti wanne, alimsimamisha binti yake mkubwa, Judith, mbele ya waumini siku ya Sabato. Hata hivyo, hakusogezwa karibu na hati-kunjo ya Torati. Ilikuwa imekwisha kusomwa, imekunjwa na kuvishwa nguo yake, naye akasimama chini, mbali kwa heshima, akasoma baraka na kifungu chake katika kitabu cha kawaida cha chapa, kwa Kiebrania na kwa Kiingereza, akamaliza. Judith alikuja kuwa mtaalamu wa muziki wa Kiyahudi, na mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alisherehekea bat mitzvah kwa mara ya pili.

Leo hali hutegemea madhehebu. Kwa Wayahudi wa Mageuzi na wa Kihafidhina binti hupanda jukwaani na kusoma hati-kunjo yenyewe, kwa mahadhi yake, kama mvulana. Kusanyiko letu la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1904 na ambalo sinagogi lake liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, ni la Kiorthodoksi, na katika makusanyiko ya namna hiyo kusoma Torati mbele ya watu ni kazi ya wanaume. Binti hutoa mafundisho juu ya sehemu ya Torati inayosomwa juma hilo baada ya sala au katika mkusanyiko wa wanawake. Nalitaja hili kwa sababu bila shaka ndiyo maana mama yake amekuambia habari za hotuba. Hotuba hiyo ndiyo kazi kubwa ya binti huyo, na huduma inapaswa kuchipuka kutoka ndani yake.

Sasa huduma. Kama mradi wa bat mitzvah, si sharti. Ni desturi iliyoenea hasa Marekani, na kusema kweli huwa na kasoro zake: niliwahi kuona huko mtoto akikusanya viatu vikuukuu kwa ajili ya nchi ambayo hakuweza kuionyesha kwenye ramani. Lakini kuitumikia jamii kwenyewe ni wajibu usio na mjadala. Simeoni Mwenye Haki, mmoja wa wahenga wetu wa kale, alifundisha kwamba ulimwengu umesimama juu ya mambo matatu: Torati, ibada na matendo ya wema. Kutoa kwetu hakuachiwi moyo wa mtu. Fungu la kumi la pato ndilo kipimo cha kawaida, na hata maskini anayeishi kwa sadaka anatakiwa kutoa kidogo katika hicho alichopewa. Binti huyo, akishafika umri, wajibu huu utakuwa wake maisha yake yote. Mradi wa miezi michache ni mazoezi tu, na mimi ningependa uwe mdogo, wa karibu, na wenye kuweza kuendelea siku wageni wakishaondoka.

Muuza_Viazi aliandika:

Mwalimu, mume wako aliguna kwa sababu anajua, na kama hakutaka kukueleza ni kwa kukustahi. Acha mimi nikueleze, kwa kuwa niko Kongowea tangu ujana wangu.

Malori hushusha usiku na alfajiri: viazi na kabeji kutoka bara, nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok na Taveta. Wa kwanza kununua ni wenye vibanda na hoteli, nao huchagua vilivyo bora. Kadiri jua linavyopanda bei hushuka, na jioni ndipo hufika wanunuzi ambao mwalimu hawaoni kwa sababu yeye yuko nyumbani anasahihisha daftari. Ni akina mama wanaotoka Kisauni, Bombolulu na Mishomoroni baada ya vibarua. Hununua nyanya zilizolainika na viazi vyenye makovu kwa mafungu, nusu ya bei au chini ya hapo, na hicho ndicho chakula cha watoto wao usiku huo. Kwa hiyo kile ambacho binti wa watu anakiona kuwa ni masazo yasiyo na mwenyewe, tayari kina mwenyewe. Akija mtoto mzuri wa Nyali, na mwalimu kando yake, na barua yenye mhuri, muuzaji ataona haya kumnyima. Atampa, na yule mama wa Bombolulu atakapofika saa kumi na mbili atakuta fungu limekwenda.

Jambo la pili, amri aliyoisoma inamhusu mwenye shamba. Wengi wetu sokoni hatuna shamba. Tuna deni la mzigo wa leo. Kama anataka kuifuata kwa barabara, amtafute aliye na kingo za kuacha. Nyali zimejaa hoteli ambazo meza zake za kiamshakinywa huondolewa zikiwa bado zimejaa, ingawa sijui kama mtoto wa miaka 12 atafunguliwa lango.

Nimeifungua sura hiyo ya 19 baada ya kusoma swali lako, na aya zilizonigusa mimi ni zile za mwisho, za mizani ya haki na vipimo vya haki. Hapo Kongowea kungekuwa na kazi ya huduma kubwa kweli, lakini simshauri mtoto wa mgeni aianze.

Kijana_wa_Mikindani aliandika:

Mwalimu, kwetu huku kando ya mkono wa bahari wa Tudor kuna vikundi vya vijana vinavyopanda mikoko, na msimu wa masika ndio mzuri, kwani maji ya chumvi hupunguzwa na mvua na miche haiteseki. Mbegu ndefu za mkoko hazihitaji hata kitalu; huchomekwa moja kwa moja kwenye tope maji yakishakupwa, na mtoto wa miaka 12 anaweza kazi hiyo bila shida akiwa na viatu vya mpira. Tunakutana Jumamosi asubuhi. Karibuni sana.

Bi_Mkubwa_wa_Kibokoni aliandika:

Mwanangu Mwalimu, nimewasoma nyote kwa utulivu. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha kina mama hapa Mji wa Kale. Hupika futari ya Ramadhani kwa ajili ya wasiojiweza na huzika maiti wasio na jamaa, na kazi hizi zimenifunza mambo ambayo ningependa binti huyo ayasikie mapema.

Msimpeleke kwenye makao ya watoto. Najua ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mtu, na kila Desemba na kila Idi utaona magari yamepanga foleni, unga na soda vinashushwa, na watoto wanasimamishwa mstari waimbe. Serikali yenyewe ilizindua mwaka 2022 mkakati wa kuwaondoa watoto katika taasisi hizo na kuwarudisha kwenye familia na jamii, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria mpya ya Watoto. Mtoto wa miaka 12 kwenda kumtazama mtoto mwingine wa miaka 12 kama fukara ni jambo ambalo wote wawili hawatalisahau, na mmoja wao atalikumbuka kwa uchungu.

Umenitajia Wayahudi nami nikamkumbuka tabibu wao Musa bin Maymun, aliyeishi Misri na kufariki huko mwaka 1204. Marehemu babangu alikuwa akimtaja katika barza. Aliandika madaraja 8 ya kutoa. La chini kabisa ni la mtu anayetoa huku uso umekunjamana. Juu yake yako ya anayetoa pungufu lakini kwa bashasha, ya anayetoa baada ya kuombwa, ya anayetoa kabla ya kuombwa, na kadhalika, mpaka unafika pale ambapo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Hilo kwetu linaeleweka, maana nasi tunausiwa kuwa mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Lakini yeye hakuliweka kileleni. Kileleni aliweka kumpa mtu mkopo, au kushirikiana naye katika biashara, au kumtafutia kazi, hadi asimhitaji tena mtu. Kina mama wa vyama vyetu vya kuchangiana, ambao kila mwezi mmoja wao hupokea fungu zima akanunua cherehani au friji ya kuuzia barafu, wako kwenye daraja hilo tangu zamani na hakuna aliyewaandikia kitabu.

Sitegemei mtoto afike huko. Namtaka tu aone kwamba picha za simu zinamshusha madaraja. Msipige hata moja.

Basi afanye nini? Nimeipitia sura hiyo nami, na naona mmemng'ang'aniza kwenye aya ya 9, ile ya pembe za shamba, ilhali aya ya 14 inakataza kumlaani kiziwi na kumtilia kipofu kikwazo njiani. Tuna Shule ya Wasioona kule Likoni, na tuna shule ya viziwi hapa kisiwani. Watoto wasioona wanaoishi nyumbani, wanaosoma pamoja na wenzao wanaoona, ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengine wako mitaani kwetu. Msiende na mandazi. Nendeni mkawaulize walimu wao wanakosa nini, na jibu likiwa ni «hatuna shida na nyinyi», mshukuru mwondoke. Mtoto atakuwa amejifunza kuuliza kabla ya kutoa, na hilo peke yake ni adabu kubwa.

Ndugu yangu wa Nairobi, nasi tunangoja jibu la chakula. Mimi nimeshajiuliza kama nipike pilau.

Mzawa_wa_Nairobi alijibu:

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimefurahi kumkuta Musa bin Maymun, ambaye sisi humwita Rambam, akitajwa Kibokoni.

Kwanza nimjibu kijana wa Mikindani: wazo lake ni jema na tope ni zuri, lakini Jumamosi haiwezekani. Tangu magharibi ya Ijumaa hadi nyota zitokeze Jumamosi, kupanda ni miongoni mwa kazi zilizokatazwa waziwazi, pamoja na kuandika, kuwasha moto na kusafiri kwa gari. Kwa sababu hiyohiyo familia itabidi ifike Nairobi Ijumaa kabla jua halijatua na ikae mahali wanapoweza kwenda sinagogi kwa miguu. Kama vijana wa Mikindani watakubali Jumapili, jambo hili lifikiriwe.

Kuhusu chakula, Bi Mkubwa, pilau lako najua lingeshinda la kila mtu, lakini kama familia hiyo inashika kosher, yaani sheria zetu za chakula, hawataweza kulila, na itawauma kulikataa. Nyama halali haitoshi kwao kwa kuwa mchinjaji wao ni mwingine na taratibu zake ni nyingine, na hata wali mweupe uliopikwa katika sufuria iliyowahi kupika nyama ya kawaida huwa na shida. Samaki wanaoliwa ni wenye mapezi na magamba, kwa mfano changu. Pweza, kamba, kaa, ngisi na papa hawamo. Nyama na maziwa havikutani mlo mmoja, kwa hiyo msishangae chai ya maziwa isipofuata nyama. Njia iliyo rahisi ni kuchukua matunda mazima ambayo hayajamenywa wala kukatwa: maembe, machungwa, mkungu mdogo wa ndizi, madafu ambayo yatafunguliwa palepale kwa panga lao. Hakuna mwenyeji wa Kiyahudi atakayekataa dafu. Wanaotaka kutoa fedha wana desturi ya kutoa kwa mafungu ya 18, kwa kuwa herufi za neno la Kiebrania lenye maana ya uhai zikihesabiwa hufikia idadi hiyo. Shilingi 1,800 kutoka kwa majirani kadhaa waliochangishana zitapokewa kwa tabasamu kubwa. Mavazi ni ya heshima tu, na katika hilo watu wa Mombasa hawahitaji mafunzo kutoka kwangu.

Nimemsoma pia muuza viazi. Katika sheria yetu masazo yakishakuwa ya maskini, mwenye shamba hana hata ruhusa ya kuchagua amgawie nani. Maskini huja wakajichukulia. Kwa maelezo yake, soko la jioni linafanana na hilo zaidi ya mpango wa binti.

Mwalimu_wa_Nyali aliandika:

Nawashukuru nyote. Niliketi na binti na mama yake barazani nikawasomea majibu yenu. La Kongowea lilimwumiza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama wale akina mama wa jioni wanajua kwamba wanachonunua kimeandikwa katika Torati. Mama yake akamwambia aliweke swali hilo ndani ya hotuba.

Tulifuata ushauri wa Bi Mkubwa tukaenda kumwona mwalimu mmoja anayefundisha wanafunzi wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Hakutaka zawadi. Alituambia kwamba vitabu vya mtaala wa sasa vimejaa picha, michoro na ramani, na hata pale ambapo maandishi yanapatikana kwa breli, picha hubaki bila maelezo, na zoezi linalosema «tazama picha kisha ujibu» humwacha mtoto asiyeona akisubiri mtu wa kumsimulia. Mwenzake wa darasani humsimulia akipata nafasi, na mara nyingi humpa jibu moja kwa moja. Alichohitaji ni msomaji mwenye subira atakayerekodi maelezo ya kila picha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ya kitabu kimoja kwanza, bila kutoa majibu.

Binti alirekodi picha ya kwanza hapohapo kwa simu ya mama yake. Ilikuwa picha ya kivuko cha Likoni. Alisema: «Kuna meli na watu wengi.» Msichana aliyekuwa akisikiliza, wa rika lake, alimwuliza watu hao wanapanda au wanashuka, magari yako upande gani, na mbona hasemi kama kuna mawimbi, na yeye akagundua kwamba hakuwa ameitazama picha. Walirudia mara kadhaa, na mara ya mwisho msichana yule ndiye aliyekuwa akimrekebisha Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili cha mgeni wetu bado kinayumba kwenye ngeli. Nilipoona hivyo nilipendekeza kwamba wawe wakifanya wote wawili, mmoja akitazama na mwingine akiuliza, na kwamba sauti zote mbili zisikike kwenye rekodi. Mwalimu yule alikubali, kwa sharti kwamba wazazi wa pande zote mbili watie saini na majina ya watoto yasitajwe.

Watakutana Jumapili saa nne asubuhi katika likizo ya Aprili, na shule zikifunguliwa watakutana Jumatano jioni. Wameanza na kitabu cha Masomo ya Jamii, ambacho kina ramani nyingi, na mume wangu amepewa kazi ya kukagua kwamba hakuna jibu lililoponyoka. Kijana wa Mikindani, wanangu wawili wakubwa wanauliza kama wanaweza kuja kwenye mikoko Jumamosi bila rafiki yao. Tafadhali niandikie saa ambayo maji yatakupwa.

Kijana_wa_Mikindani aliandika:

Waje, Mwalimu. Ratiba ya maji ya bandari nitakutumia Ijumaa, kwa sababu saa husogea kila siku, na wakichelewa tutakuwa tumekwisha kutoka topeni. Waambie wavae nguo wasizozipenda. Nimewauliza wenzangu kuhusu Jumapili, na wamekubali moja katika mwezi wa Mei, kuanzia saa tatu, kama yule binti bado anataka.